Namna ya Kumchora Kiongozi kwa Taswira Aliyojijengea Mwenyewe

Kabla ya kushika kalamu, ichunguze kwanza taswira ambayo kiongozi mwenyewe ameijenga ili wananchi waione, kwa maana katuni yenye nguvu haianzii kwenye pua wala kitambi, vitu ambavyo hakuvichagua, bali kwenye kile anachokibeba kwa makusudi. Rais Moi, aliyeitawala Kenya kuanzia 1978 hadi 2002, alijulikana kwa rungu lake dogo mkononi na ua la waridi kwenye koti. Chukua picha ya mkutano wa hadhara, uufunike uso wa kiongozi kwa kidole gumba, kisha uangalie kilichobaki. Ukimtambua bado, umeipata alama yako.

Alama hiyo iambatanishe na jambo lililotendeka kweli. Hapa ndipo wachoraji chipukizi wengi huteleza, kwani huridhika na kumchekesha msomaji bila kumwonyesha chochote. Mwaka 2022, akiwania urais wa Kenya, William Ruto alijinadi kuwa hasla, yaani mtu wa kujitafutia riziki, aliyewahi kuuza kuku kando ya barabara, chama chake cha UDA kikiwa na wilbaro kama nembo, naye akawa mtu wa madhabahuni Jumapili baada ya Jumapili. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopandisha ushuru wa VAT kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, wananchi walimwita Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru aliyepanda mkuyu katika Injili ya Luka. Jina hilo halina tusi hata chembe, na kwangu mimi ndiyo kazi bora ya dhihaka tuliyowahi kuifanya, kwa sababu limetolewa katika kitabu kile kile anachokinukuu mwenyewe. Mchore juu ya mkuyu, wilbaro tupu ikimngojea chini, na msomaji wa Kisumu au Kwale ataelewa bila kufafanuliwa.

Usirundike alama. Mchoraji katuni Gado alimchora Rais Uhuru Kenyatta akiburuta tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo, kukumbusha kesi iliyomkabili katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), na kitu hicho kimoja kilitosha.

Maneno yawe machache, na kamwe usimwekee kiongozi kauli ndani ya alama za kunukuu kana kwamba aliitamka. Ingawa mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikitumiwa dhidi ya waliowakosoa maafisa wa serikali, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018 iliweka adhabu kwa uchapishaji wa habari za uongo. Kwa hiyo tia sahihi na tarehe kwenye kona ya mchoro, na uhifadhi hotuba, sheria au ukurasa wa gazeti uliokupa wazo hilo.