Jinsi ya kuomba ujumbe wa kamati ya zahanati bila kuzungushwa

Kila zahanati na kituo cha afya cha serikali Tanzania kinatakiwa kuwa na Kamati ya Usimamizi, na baadhi ya viti vyake ni vya wananchi wanaotibiwa hapo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kuishia halmashauri. Kwa hiyo mjumbe haendi kupiga makofi. Anapitisha mpango na kuuliza hela imeenda wapi.

Ujumbe ni wa miaka mitatu. Nafasi zikifika, tangazo hubandikwa kituoni na kwenye ofisi za kijiji au mtaa na kata. Ndivyo inavyosemwa. La kwetu lilikuwa chini ya bango la mkesha wa injili. Usitegemee ubao, muulize mganga mfawidhi, ambaye ndiye katibu wa kamati, muda wa waliopo unaisha lini.

Barua, picha za pasipoti, nakala za kitambulisho na vyeti: hayo unayajua. Umri na elimu vimo kwenye tangazo.

Sasa muhuri. Hapa ndipo siku zinapoliwa. Mtendaji yuko kikaoni. Akirudi, muhuri uko kwenye droo, ufunguo anao karani, na karani yuko msibani. Barua yangu iligongwa muhuri mtaani, ikafika kata ikarudishwa: eti mstari wa "kupitia kwa" haukumtaja mtendaji wa mtaa. Muhuri wake ulikuwa pale pale, wa bluu, unaonekana hata bila miwani, na tangazo halikusema neno juu ya mstari huo. Basi kabla ya kuchapa, uliza ofisi zote mbili wanataka barua iandikwe kwa nani na ipitie kwa nani. Ukiambiwa kuna "mchango wa ofisi", omba namba ya malipo na risiti. Mara nyingi mchango huyeyuka hapo hapo. Peleka nakala mbili, moja igongwe "IMEPOKELEWA" pamoja na tarehe, uondoke nayo. Barua hupotea, na bila nakala hiyo wewe hukuwahi kuomba.

Majina hujadiliwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hupelekwa halmashauri. Kwingine huanzia mkutano wa kijiji. Ukipewa nafasi ya kujieleza, usiseme utakomesha rushwa, kila mtu husema hivyo. Sema jambo moja linalojulikana: wajawazito wanapanga foleni tangu alfajiri na choo cha wagonjwa kimefungwa kufuli.

Ukipita, kazi ya kwanza ni daftari. Kaa kwenye benchi la wagonjwa, andika wanacholalamikia na tarehe, bila majina yao wala ugonjwa wao. Halafu kila lalamiko ulitafutie kasma, yaani kifungu chake kwenye bajeti. "Dawa hakuna" haiingii kwenye bajeti. Kinachoingia ni dawa gani, zinakosekana miezi gani, na kiasi gani kitengwe kununua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, pale Bohari ya Dawa inapokosa.

Wahi pia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini mipango huandikwa miezi mingi kabla. Ukija na hoja Mei utajibiwa kwamba mfumo umeshafungwa, na PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kuandalia mipango na bajeti, haibembelezeki. Mwandikie katibu mapema, kwa maandishi, ukiomba rasimu ya mpango na taarifa ya mapato na matumizi siku kadhaa kabla ya kikao. Ukikabidhiwa mlangoni dakika ambayo watu wanaomba dua ya kufungua, kataa kusaini muhtasari mpaka usome.

Posho? Uliza mapema. Kwingine ni nauli ya bodaboda, kwingine soda, na soda yenyewe inategemea makusanyo ya mwezi huo.