Mandhari nyeusi na nyeupe: panga mwanga, sahau rangi

Ua jekundu kati ya majani mabichi huonekana toka mbali. Ondoa rangi, na mara nyingi ua na majani hutoka kijivu kilekile, ua likapotea. Hapo ndipo picha nyingi za mandhari huharibikia. Rangi ikishaondoka, kinachobaki ni mwanga na giza, umbo, mistari, na tofauti kati ya kitu laini na kinachokwaruza.

Weka kamera kwenye hali ya nyeusi na nyeupe, lakini rekodi faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla ya kuhaririwa. Kioo cha nyuma kitaonyesha kijivu, huku rangi zote zikihifadhiwa kwa ajili ya kuhariri. Kisha fumba macho nusu utazame mbele. Vitu vidogo vitapotea, yabaki mabonge matatu au manne ya weusi na weupe. Ukiona bonge moja tu la kijivu, hama au subiri. Jua la ubavuni, likiwa chini, huchora mipasuko ya gome na mikunjo ya mchanga; likiwa mgongoni kwako, kila kitu huwa bapa. Ukungu nao hutenganisha vilima: cha mbele cheusi, cha nyuma kikififia.

Chukua mti mmoja mbele ya kilima. Shina jeusi likikutana na ubavu wenye kivuli, limemezwa. Chuchumaa mpaka matawi yaingie kwenye anga jeupe, au sogea hatua mbili kando, uache upenyo kati ya tawi la chini na mgongo wa kilima. Halafu kagua kingo za fremu: jiwe jeupe kwenye pembe litavuta jicho kuliko mti wenyewe.

Anga la buluu ndilo lenye kazi. Kwenye filamu, kichujio cha njano, yaani kioo cha rangi kinachovalishwa mbele ya lenzi, hulitia giza kidogo na hudai mwanga mara 2. Chekundu kizito hulifanya karibu jeusi na hudai mara 8, yaani muda wa kupiga wa 1/60 ya sekunde unakuwa takriban 1/8, kwa hiyo tumia stendi. Mwaka 1927, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga Half Dome, mlima wa mwamba huko Yosemite, Marekani, kwa kichujio cha njano, kisha akabadili kuwa chekundu kizito, na anga likatoka karibu jeusi. Ila chekundu hutia giza majani pia. Msitu unaweza kugeuka doa. Anga likifunikwa na wingu zito hakuna buluu ya kuzuia, basi lipunguzie nafasi kwenye fremu.

Kwenye kamera ya kidijitali ya kawaida, kichujio chekundu hakina faida: ni robo tu ya pikseli zinazopokea nyekundu. Punguza mwangaza wa buluu kwenye programu, taratibu. Ukizidisha, anga hujaa chembechembe na mstari mweupe hujitokeza kwenye ukingo wa vilima.