Kabla ya Kumfungulia Mgeni: Rejista za Mwenyeji Ziko Wapi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye haipavaiza, yaani programu inayoendesha kompyuta pepe (mgeni) juu ya kompyuta halisi (mwenyeji), mwenyeji haponi kama hakuweka vyake salama kabla ya kufungua mlango; vyake ni rejista, vile vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa. Nawaandikia wenzangu wa Nairobi wanaojenga haipavaiza yao ya kwanza, kuhusu kile kipande kifupi cha asembli (amri za prosesa zilizoandikwa moja kwa moja) kinachomwingiza mgeni na kumtoa. Hapo kompaila haikukagulii chochote.

Kwanza jua unafuata makubaliano ya nani kuhusu rejista zipi zitunzwe na fanksheni inayoita na zipi na inayoitwa. Kwenye Linux ya x86 ya biti 64, fanksheni inayoitwa lazima irudishe RBX, RBP, RSP na R12 hadi R15 kama ilivyozikuta. RAX, RCX, RDX, RSI, RDI na R8 hadi R11 ni mzigo wa anayeita. Kwenye Windows, RDI, RSI na XMM6 hadi XMM15 nazo hurudishwa na anayeitwa, kwa hiyo usinakili asembli ya huku ukaipeleka kule.

Usitegemee prosesa ikufanyie kazi hiyo. VT-x, msaada wa Intel kwa haipavaiza ndani ya prosesa, uliotoka 2005, humhifadhia mgeni RSP, RIP, RFLAGS na CR3 ndani ya VMCS (eneo la kumbukumbu linalotunza hali ya mgeni), lakini RBX, R12 na wenzake haiwagusi. Upande wa AMD, VMRUN, amri ya kumwingiza mgeni, hushughulikia pia RAX, kwa kuwa ndiyo inayobeba anwani ya VMCB, eneo la AMD linalofanana na VMCS. Zilizobaki ni zako.

Mimi nilisahau R12 peke yake. Nilikuwa chumbani Ngara, na lupu yangu ilitakiwa kumwingiza mgeni mara 64 kisha isimame. Haikusimama. Mgeni wangu alikuwa akisafisha rejista zote kuwa 0 anapowaka, na kompaila ilikuwa imeweka hesabu ya lupu kwenye R12. Nikachapisha hesabu kabla na baada ya kila safari: kabla 1, baada 0, kabla 1, baada 0, skrini nzima. Kilichonipotezea usiku wa pili ni kwamba nilipozima uboreshaji wa kompaila, kosa lilitoweka, maana hesabu ilihamia kwenye steki, eneo la kumbukumbu la data ya muda ya fanksheni. Kwa hiyo jaribu ukiwa umewasha uboreshaji huo kwa -O2. Jaza RBX, RBP na R12 hadi R15 namba tofauti tofauti kabla ya kuingia, kisha zilinganishe ukirudi.

Panga pia namna ya kutoka. Kwenye Intel, mgeni anapotoka, rejista zote za kawaida isipokuwa RSP zimejaa vitu vyake, huna hata moja iliyo huru ya kushikia anwani ya pale utakapovihifadhi. Sukuma moja kwenye steki, itumie kufikia hifadhi, kisha uitoe na kuihifadhi nayo.

Hesabu baiti za steki kwa kalamu. Ukisukuma zile rejista 6 juu ya anwani ya kurudia, RSP, inayoonyesha kilele cha steki, haigawanyiki kwa 16. Ongeza nafasi ya baiti 8 kabla ya kuita fanksheni ya C, la sivyo MOVAPS ya kwanza, amri inayodai anwani inayogawanyika kwa 16, itakuangusha mbali kabisa na kosa lenyewe.

Mwisho ni njia ya kushindwa, ambayo wengi huiacha wazi. VMLAUNCH, amri ya Intel ya kumwingiza mgeni, ikikataa mapema, kabla ya kukagua hali ya mgeni, hairuki kwenye anwani yako ya kutokea: inawasha bendera ya CF au ZF ndani ya RFLAGS na kuendelea na mstari unaofuata. Soma bendera hizo kabla ya amri yoyote ya hesabu. Wakati huo mgeni hajaingia, ila thamani zake umekwisha kuzipakia, hivyo njia hiyo nayo irudishe rejista za mwenyeji zote kutoka kwenye steki, kwa mpangilio wa kinyume.