Ukiruka siku moja, usianze kuhesabu upya

Wengi huacha zoea jipya siku ileile wanapolikosa mara ya kwanza. Inaniuma, maana kosa ni dogo mno. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 96: zoea lilichukua wastani wa siku 66 kukomaa, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Lifunge zoea lako kwenye jambo unalolifanya tayari. Unataka kuandika kila usiku? Weka daftari juu ya mto, kalamu ikiwa ndani, ulikute ukimaliza kupiga mswaki. Mistari miwili inatosha. Jana ulisahau? Leo andika miwili ileile, usiandike minne ya kufidia. Hilo deni ndilo linalowachosha watu.