Ukishafanikiwa: namna ya kubaki mtu wa Mungu ukiwa na gari tatu barabarani

Siku moja utaanza kuitwa "mdosi", yaani bosi, na watu wasiojua hata jina lako. Mimi niliitwa hivyo kwanza na kijana wa kuosha magari kule Kayole, Nairobi, na nisikufiche, nililipenda. Nilishika mlango wa matatu kabla ya sheria za matatu za 2004 za waziri wa uchukuzi John Michuki, enzi abiria wakining'inia kama kawaida. Baadaye nikavaa sare ya maruni kama makanga wengine, yaani makondakta. Leo nina gari tatu kwenye njia ya Kayole. Haya nawaandikia walioomba kwa miaka, wakapewa, na sasa wanaona sala zao zimekuwa fupi.

Soma habari za mfalme Uzia, Mambo ya Nyakati cha Pili, sura ya 26. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Alijenga minara, akachimba visima, akapenda ukulima, akatengenezewa mitambo ya kurusha mishale na mawe. Aya ya 16 ndipo mambo yanapoharibika: alipokwisha kuwa na nguvu moyo wake ukajiinua, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Wahubiri wengi hukimbilia ukoma uliomtokea kwenye paji la uso. Mimi huganda aya ya 17. Kuhani Azaria alimfuata mle ndani na makuhani 80, wakamwambia mfalme atoke. Watu 80 wa kumwambia hapana! Naye akawakasirikia, chetezo mkononi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kuwa na watu wanaoweza kukuzuia, kisha uwaache wakuzuie. Si lazima wawe 80. Mmoja wangu ni dereva. Jumatatu moja, saa kumi na moja alfajiri, taa za gari zimewashwa na makanga ameshaanza kuita, alichutama kwenye gurudumu la nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya tairi pale waya zilipoanza kuchungulia. Akasimama, akajifuta mkono kwenye suruali. "Mzee, hii haiendi tao." Anayejua biashara hii anajua pesa ya Jumatatu asubuhi ndiyo pesa. Hasira ilinipanda hadi shingoni. Nikamwambia sawa, tutafute tairi.

Dereva anayekuogopa angenyamaza, akapakia watu na kushika Jogoo Road. Kwa hiyo mtu akikuzuia, usimjibu papo hapo. Vuta pumzi kwanza. Akiwa na haki, mwambie ana haki, na useme hivyo makanga akisikia. Na asije akapoteza kazi kwa sababu ya siku hiyo, hata kwa kisingizio kingine miezi mitatu baadaye. Watu wana akili, wataunganisha.

La pili ni hesabu, ile pesa ambayo dereva na makanga humletea mwenye gari kila siku. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Kwetu sisi jua huzama na gari bado liko barabarani, lakini agizo ni lilelile. Tuseme hesabu mliyokubaliana ni 7,000, mvua imenyesha tangu mchana, gari limelala kwenye jam. Vijana wakishatoa mafuta na pesa za steji, ukichukua 7,000 yako nzima wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye gari anayedai hesabu kamili siku kama hiyo, kisha Jumapili anapeleka vipaji altareni kwa mwendo wa pole, kwangu anafanya maigizo. Uliza kwanza siku ilikuwaje, ndipo uulize pesa.

Halafu jumuiya. Pesa ikija utahama mtaa, na hakuna dhambi katika kuhama. Ila usihamie mahali ambapo kila mtu anakujua kama mfadhili tu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo anauza sukuma wiki, na ndiye anayenipangia zamu ya kubeba viti. Ukianza kuletewa soda ya kwanza, au kuachiwa kiti cha kitambaa, kataa kwa upole ukae na vijana kwenye benchi. Na ile tabia yetu ya kusema "nimetuma kitu kidogo" haihesabiki kama kuhudhuria. Yoshua bin Sira 3:18 inasema kadiri ulivyo mkubwa ndivyo uzidi kujinyenyekeza, na sijaona pale kwamba unaweza kumtuma mtu ajinyenyekeze kwa niaba yako.

Kuhusu kutoa, M-Pesa inaanika jina lako kwa anayepokea, na shukrani zinaweza kulevya. Karo ilipe moja kwa moja kwenye paybill ya shule: chukua namba ya usajili ya mtoto kwa karani wa shule, iandike kwenye sehemu ya akaunti, basi. Mtoto atajua tu kwamba hajarudishwa nyumbani. Lakini sikubaliani na wanaosema kila sadaka ifichwe. Kwenye harambee, mtu mmoja akitoa hadharani wengine huingia mfukoni. Nenda, toa, kaa chini, na maikrofoni umrudishie mshereheshaji haraka.

Sala usiibadilishie saa. Kama ulisali kabla ya gari la kwanza kutoka, endelea hivyohivyo hata kama sasa unaweza kulala hadi saa tatu. Ukiwa mjini mchana, ingia misa pale Holy Family Basilica, ukae kati ya mabawabu na makarani ambao hawana habari una gari ngapi. Na kwenye kitubio usiseme "nimekuwa na kiburi", maana hilo halimwumizi yeyote kulitamka. Sema uliyemfokea, mbele ya abiria gani, na kwa sababu ya shilingi ngapi.

Ukinunua gari jingine, mwite padre alibariki kabla halijaenda stejini. Dereva na makanga wasimame mbele, wewe nyuma yao, kwa sababu wao ndio watakaolala na kuamka nalo. Pilau ipikwe, wao wapakuliwe kwanza. Na hesabu ya siku ya kwanza ipeleke kanisani kama malimbuko, yote, kabla hujakaa chini kupiga hesabu za mkopo wa sacco.