Kuhamisha Kanda za VHS za Harusi Kwenda Kwenye Kompyuta

Katika nyumba nyingi za pwani, harusi za miaka ya 1980 na 1990 zimo ndani ya kanda za VHS zilizorundikwa juu ya kabati, na unyevu wa bahari unaendelea kuzila. Deki nazo zinaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuziunda, iliacha kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo utakayoipata leo ni ya mtumba. Fedha uliyo nayo itangulize kwenye deki nzuri kabla ya kompyuta ya bei kubwa, kwa sababu picha iliyosomwa vibaya na deki hairekebishwi vizuri na programu yoyote.

Kwanza kagua kanda. Iinue mbele ya mwanga uchungulie kidirisha chake: utepe mzima huonekana mweusi na laini, ilhali wenye kuvu huwa na madoa meupe kwenye kingo za msokoto. Wenye kuvu usiutie kwenye deki hata kidogo, maana uchafu wake hubaki kwenye vichwa, yaani sehemu za deki zinazosoma utepe, na kuhamia kwenye kila kanda itakayofuata. Utenge, umpelekee fundi. Kanda isiyo na kuvu ivunje kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya, kisha ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe uliolegea kwa miaka ujipange upya.

Chenga zikijaa kwenye kila kanda, shuku vichwa vichafu. Chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko, lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili, kiegemeze kwenye silinda inayobeba vichwa bila kukisogeza, halafu zungusha silinda yenyewe taratibu kwa mkono. Ukisugua kwenda juu na chini utavunja vichwa. Pamba za masikio ziache, kwani nyuzi zake hunasa.

Deki huungwa na kompyuta kwa kifaa cha kunasa video chenye plagi ya USB: waya wa njano hupeleka picha, mweupe na mwekundu hupeleka sauti. Programu ya kurekodia ya OBS Studio ni ya bure na inatosha. Kanda zilizorekodiwa Tanzania na Kenya kwa kawaida ni za mfumo wa picha uitwao PAL, kwa hiyo chagua PAL na ukubwa wa pikseli 720 kwa 576. Zilizotumwa na jamaa walioko Marekani huwa za NTSC, mfumo uliotumika huko, nazo zinahitaji deki inayousoma. Washa pia kichujio cha kuondoa mistari, la sivyo kila anayecheza ataonekana na kingo zilizochanika kama meno ya kitana.

Kanda ya saa tatu itachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Muda huo mwite shangazi au bibi akae nawe ataje majina, nawe uyaandike pamoja na dakika wanapoonekana. Ukirekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja itakuwa takriban gigabaiti 3.6. Weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Ya kutuma WhatsApp isiwe ndiyo pekee, kwa kuwa hubanwa ikapoteza ubora.

Sehemu za wanawake peke yao, hasa siku ya kumpamba bibi harusi, zikate ziwe faili la pembeni na usimpe mtu mpaka wenyewe walioonekana humo waridhie.