Mikunjo ya mkono wa shati, anzia pale inapovutwa
Wadau wa kuchora katuni, mikunjo ya nguo haichorwi popote tu ili kujaza nafasi, kila mkunjo una sehemu unapovutiwa, kwenye mkono wa shati hasa ni bega, kwapa na kiwiko. Mhusika akikunja mkono kitambaa kinajibana upande wa ndani wa kiwiko, ndo huko uweke mistari mifupi inayogongana, ule wa nje unakuwa umekaza so uache pleni, usiguse kabisa. Halafu mistari ipinde kuuzunguka mkono, ukiichora imenyooka, mkono unakuwa bapa kama karatasi.

Kitambaa nacho kiangalie: jinzi mikunjo michache, minene, yenye kona, dera mikunjo mingi mirefu inayoshuka.

Kama uko Dodoma ndo rahisi zaidi, kaa karibu na kijiwe cha boda huu upepo wetu ukivuma, mcheki dereva anavyokuja, jaketi limemganda kwa mbele, nyuma limetuna. Chora fasta na penseli kabla hajapita, mistari 3 au 4 inatosha, vivuli utaweka nyumbani.